Abebe Bikila: Bingwa aliyerudi kwa mlango mwingine

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua siku ya kuanguka. Lori limepinduka na mzigo umemwagika bondeni. Au nyanya zimezuiwa siku tatu kwa sababu ya karatasi moja, zikaoza. Au sarafu imeshuka usiku, na asubuhi ukihesabu unakuta mtaji umepungua nusu bila mtu kukuibia. Siku hiyo kila mtu hukupa pole. Swali gumu huja baadaye, pole zikishaisha: utarudi sokoni na nini?

Swali hilo ndilo linaloulizwa na filamu moja kutoka kwa jirani zetu wa Ethiopia. Jina lake ni Atletu, yaani Mwanariadha. Ilitoka mwaka 2009 ikiwa na waongozaji wawili, Davey Frankel na Rasselas Lakew. Huyo Rasselas ndiye pia aliyeigiza mhusika mkuu. Ethiopia iliituma kushindania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kupeleka filamu huko.

Mhusika wake ni mtu aliyeishi kweli, Abebe Bikila. Wengi wetu tunamjua kwa picha moja tu: kijana mwembamba anakimbia peku usiku katika barabara za Roma. Filamu inaionyesha picha hiyo, lakini haikai hapo. Inamfuata Abebe miaka tisa baadaye, mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 36. Jina lake bado ni kubwa, ila miguu imeanza kukataa. Amekwisha kushindwa mbele ya dunia nzima. Naye anataka kurudi.

Usiku wa Roma

Ili msomaji auone uzito wa hamu hiyo, ni lazima kwanza tukumbuke alikotoka.

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, eneo la Shewa, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa mifugo. Alipokua alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Hapo alikutana na kocha Onni Niskanen, raia wa Sweden aliyekuwa akifanya kazi Ethiopia, ambaye alikuwa naye tangu siku za ushindi hadi siku za kitanda cha hospitali.

Septemba 10, 1960 Abebe alisimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya Olimpiki mjini Roma akiwa na namba 11 kifuani. Hakuwa na viatu, na hakuna aliyemtazamia. Mbio zilianza jioni na kumalizika usiku kwenye Tao la Konstantino, njia ikiangazwa kwa mienge. Bega kwa bega naye alikuwapo Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Mwisho ulipokaribia, Abebe akachomoka.

Mahali alipochomokea hapakuwa pa bahati nasibu. Hapo palisimama mnara wa mawe wa Axum, ambao majeshi ya Italia yaliuchukua Ethiopia mwaka 1937 na kuusimamisha Roma kama ngawira ya vita. Abebe na kocha wake walikuwa wameipita njia hiyo kabla ya mashindano na kupaweka alama. Mwanajeshi wa nchi iliyovamiwa na Italia alimwacha mwenzake palepale penye mali ya nyumbani kwao, akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa muda mfupi kuliko huo. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa ajili ya nchi yake.

Mnara wenyewe ulisubiri zaidi. Ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005 na kusimamishwa tena Axum mwaka 2008.

Miaka minne baada ya Roma ikaja Tokyo. Siku chache tu zilikuwa zimepita, kama wiki tano hivi, tangu Abebe afanyiwe upasuaji wa kidole tumbo. Safari hii alivaa viatu. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia, na aliyemfuata alifika baada ya dakika nne na zaidi. Wakati uwanja mzima ukimsubiri mtu wa pili, Abebe alikuwa kwenye majani akinyoosha viungo, kama mtu anayejiandaa kwa mbio nyingine.

Hakuna aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Hadi michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, walioifikia hatua hiyo walikuwa watatu tu: yeye, Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, na Eliud Kipchoge wa Kenya.

Mexico, mbio za majirani watatu

Oktoba 20, 1968 Abebe alikwenda kutafuta dhahabu ya tatu mjini Mexico. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, mbio hizo zinastahili kukumbukwa kuliko zinavyokumbukwa, kwa kuwa majirani watatu walikuwa humo na kila mmoja alipata fungu lake.

Kenya ilikuwa na Naftali Temu, ambaye wiki moja kabla alikuwa ameipatia nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000. Tanzania ilikuwa na John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Ethiopia ilikuwa na Abebe pamoja na Mamo Wolde, mwanajeshi mwenzake.

Abebe alianza mbio akiwa na mguu unaouma. Kabla ya kufika nusu ya njia, akasimama na kutoka. Mamo Wolde akaendelea na kushinda, hivyo dhahabu ya tatu ya marathoni ilikwenda Ethiopia ileile, ila kwa shingo nyingine. Akhwari alianguka njiani akaumia goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea kwa kuchechemea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Giza lilikuwa limeingia na wengi walikuwa wamekwenda zao. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Akhwari akapata heshima iliyodumu kuliko medali nyingi, kwa kumaliza tu.

Sasa jiweke katika nafasi ya Abebe. Bingwa mara mbili amekaa pembeni. Rafiki yake amevaa taji lake. Mtanzania aliyefika wa mwisho amemaliza mbio ambazo yeye hakuzimaliza. Mtu wa namna hiyo anaporudi nyumbani hukutana na jambo linalouma kuliko kuzomewa: watu wanaendelea kumheshimu, lakini kwa yale aliyofanya zamani. Wanamsalimia kwa jina la juzi.

Wafanyabiashara wanaijua salamu hiyo. Kila soko la mpakani lina mzee ambaye zamani alikuwa na malori matatu. Vijana humwita "bosi" na kumpisha kwenye benchi, kisha mazungumzo ya bei yakianza hakuna anayemgeukia.

Gari la zawadi

Baada ya ushindi wa Tokyo, Abebe alipewa gari, Volkswagen ndogo nyeupe, ile ya mgongo wa mviringo kama kobe. Lilikuwa zawadi ya heshima kwa mtu ambaye umaarufu wake wote ulitokana na miguu.

Filamu inakaa sana na gari hilo. Tunamwona Abebe akiendesha katika nyanda za juu, barabara ndefu, milima mbali, mashamba pande zote. Hasemi sana. Rasselas anamwigiza kama mtu aliyezoea kunyamaza: ukitaka kujua anachofikiri itabidi umtazame macho. Katikati ya safari hiyo zinachomekwa picha halisi zilizopigwa wakati wa mashindano yake, na mtazamaji anamwona Abebe wa kweli akikimbia, kisha anarudishwa kwa Abebe wa filamu aliyekaa nyuma ya usukani. Yule wa zamani anapaa. Huyu wa sasa anabadilisha gia.

Hapo ndipo tunapoelewa kuwa kurudi kwake kumeshaanza kichwani. Anafanya mazoezi. Anatazama mbele. Hajakubali kuwa jina la kumbukumbu. Filamu nyingi za michezo zingetuahidi kwamba jasho likitosha, atarudi na kushinda, muziki utapigwa na watu watalia kwa furaha.

Lakini usiku wa Machi 22, 1969, gari lilimshinda, likapinduka. Abebe alinaswa ndani hadi asubuhi, ndipo akatolewa. Shingo ilikuwa imeumia vibaya, na mwili kuanzia shingoni hadi chini haukusikia tena.

Filamu haiitumii ajali hiyo kutuliza machozi. Ilitokea. Gari la zawadi lilimchukulia miguu. Hakuna wa kulaumiwa wala fundisho la haraka, na pengine ndiyo maana inauma.

Mikono na upinde

Ndani ya wiki moja Abebe alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, akakaa huko miezi minane. Hapo ndipo daktari Ludwig Guttmann alipoanzisha mwaka 1948 michezo ya watu walioumia uti wa mgongo, ambayo baadaye ilizaa Paralimpiki. Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitekeleza: mgonjwa asiyeweza kutembea bado ni mtu mwenye kazi ya kufanya, na mchezo ni sehemu ya dawa.

Sehemu hii ndiyo moyo wa filamu. Mtu aliyekuwa mwepesi kuliko wote duniani anageuzwa kitandani na mikono ya wengine. Anakataa, anakasirika, ananyamaza zaidi. Niskanen, anayeigizwa na Dag Malmberg, yuko naye, naye ni kocha asiye tena na mbio za kumfundisha mtu wake. Kati yao kuna ukimya wa watu wawili ambao biashara yao ya pamoja imekufa na bado hawajaachana.

Kidogo kidogo mikono ikarudi. Miguu haikurudi. Siku moja anashikishwa upinde.

Tazama jambo hilo kwa macho ya mtu wa sokoni. Abebe alikuwa na bidhaa moja tu, mbio. Alikuwa hodari katika bidhaa hiyo kuliko mtu yeyote aliye hai, na sasa ghala limeungua. Alichobaki nacho ni vile vitu ambavyo mbio zenyewe zilijengwa juu yake: pumzi ya utulivu, uvumilivu, jicho lisilohama kwenye shabaha, na kutoogopa kushindana. Hivyo havikukaa miguuni. Upinde ulivitaka vilevile.

Mwaka 1970 alishiriki michezo ya Stoke Mandeville katika kulenga shabaha na tenisi ya mezani, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1971 alikwenda Norway kwenye michezo ya watu wenye ulemavu. Huko akaingia mbio za sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, kikivutwa na mbwa. Mtoto wa mchungaji kutoka Shewa aliwashinda washiriki wote.

Filamu inatufikisha kwenye theluji hiyo. Baada ya rangi ya udongo na nyasi kavu za Ethiopia, jicho linakutana na weupe mtupu. Kelele za uwanja wa Tokyo hazipo. Kuna baridi, mbwa, na mtu mmoja anayekwenda mbele kwa kasi kwa mara ya kwanza tangu gari lipinduke. Hakukimbia tena kwa miguu yake, lakini alikuwa tena mashindanoni, na mbio zilikuwa za kweli.

Aliyebebwa na ndege, na asiyebebwa

Hapa mwandishi wa safu hii anaomba asimame kidogo, kwa sababu hadithi hii ikisimuliwa nusu inaweza kumdanganya mtu. Ni rahisi kusema kwamba Abebe alijiinua kwa moyo wake mwenyewe. Moyo alikuwa nao. Lakini alikuwa pia na serikali ya mfalme iliyompeleka Uingereza, kocha wa Sweden aliyebaki naye, na wauguzi wa nchi ya kigeni waliokuwa wakimgeuza kitandani usiku. Miguu ilipoondoka, watu wa nchi tatu walikuwa chini yake kumdaka.

Mpagazi wa Namanga akiumia mgongo chini ya gunia hapelekwi Ulaya. Mama anayevusha samaki kutoka Ziwa Tanganyika, mtumbwi ukizama na mzigo, hatembelewi na wakubwa. Dereva akilala njia ya Moyale kwa ajali, kinachomwokoa ni simu ya dereva mwenzake na mchango unaopitishwa kwa kofia. Tunapenda kuwasifia watu kama hao kuwa wana moyo, tukisahau kuwauliza wana nini kingine.

Ndiyo sababu chama, kikoba au kikundi cha mpakani chenye mfuko wa dharura kina maana kuliko wengi wanavyodhani. Mfuko ule hautamrudishia mtu lori. Unampa muda wa kulala kitandani bila watoto kufukuzwa shule, na baadaye unampa upinde, yaani kitu kingine cha kuanzia. Aliyekuwa akibeba anaweza kuwa mpimaji. Aliyekuwa akisafiri na mzigo anaweza kuwa wakala anayejua ofisi zote na karatasi zote. Mzee wa malori matatu anajua ni msimu gani maharage ya Ethiopia hushuka bei na ni kona gani ya barabara imemaliza magari. Ujuzi huo unaozea kwenye benchi kwa sababu yeye mwenyewe anasubiri arudi na malori, na vijana wanasubiri azeeke kabisa.

Abebe naye angeweza kusubiri miguu. Wengi wetu tungemwelewa.

Mwisho usiopambwa

Mwaka 1972 Abebe alialikwa kama mgeni wa heshima kwenye Olimpiki ya Munich. Aliitazama marathoni akiwa kwenye kiti chake. Alishinda Frank Shorter wa Marekani, na Mamo Wolde, akiwa na umri wa miaka 40, alishika nafasi ya tatu. Baada ya kupokea medali yake, Shorter alikwenda kumpa Abebe mkono.

Mwaka uliofuata, Oktoba 25, 1973, Abebe Bikila alifariki dunia kwa kuvuja damu kichwani, tatizo lililotokana na ajali ile. Alikuwa na miaka 41. Maelfu kwa maelfu walijaa Addis Ababa kumzika, mfalme akiwapo. Uwanja mmoja wa michezo wa jiji hilo una jina lake hadi leo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama Abebe alifanikiwa kurudi, jibu linategemea ulichotaka kukiona. Kama ulitaka dhahabu ya tatu, hapana. Kama ulitaka atembee, hapana. Kama unauliza kama alikaa pembeni baada ya Mexico na kubaki hapo, jibu pia ni hapana, na filamu nzima imetengenezwa kwa ajili ya hapana hiyo ya mwisho.

Atletu ni ya saa moja na nusu hivi. Haina haraka, na aliyezoea filamu za ngumi na risasi itambidi avumilie dakika za mwanzo. Mazungumzo yake mengi ni Kiamhari na Kiingereza. Hata hivyo sehemu kubwa yake haihitaji mkalimani, maana inasemwa kwa uso, barabara na theluji.

Tunavusha mengi na Ethiopia kupitia Moyale. Mji huo umegawanywa na mpaka, na watu wake huhesabu fedha kwa birr na kwa shilingi, wakipatana bei kwa Kiborana, Kiamhari na Kiswahili katika asubuhi moja. Kituo cha huduma za pamoja kimerahisisha foleni, na lami imefupisha njia hadi Nairobi. Filamu za jirani bado zinavuka kwa shida kuliko maharage. Vibanda vyetu vya video vimejaa mashujaa wa Marekani na Hong Kong, huku aliyeishi upande wa pili wa geti tukimjua kwa picha moja ya miguu mitupu.

Ukiipata filamu hii, itazame na yule mwenzako ambaye mwaka huu umemwendea vibaya. Usimwambie kwamba mambo yatakuwa kama zamani. Itazameni hadi mwisho, kisha muulize anafikiri mikono yake bado inaweza nini.